Shangazi Alivyorudi na Mikunjo Yake

Hapana, Joyce. Shangazi yangu hakwenda Nairobi kutafuta ujana. Najua ndivyo mlivyoambiana pale Buhongwa, wewe na Rehema na wengine tuliomaliza nao shule, kwamba mama wa kijijini mwenye wajukuu amevuka mpaka kwenda kuvutwa uso kama wanawake wa kwenye video. Ukaongeza kwamba mimi, mwenye kidato cha nne, ndiye ningetakiwa kumkataza. Sasa tulia. Nimechoka kusimulia vipande vipande kila nilipokutana na mmoja wenu njiani tukirudi, ndiyo maana naandika yote hapa. Mpokezane, msome, yaishe.

Shangazi Mbuke ni dada yake baba, ndiye aliyenilea. Msimu uliopita, baada ya kuuza pamba, aliamka asubuhi moja upande wa kushoto wa uso wake umeanguka. Mdomo umeshuka, shavu limelegea, na kope ya chini imening'inia nje kama mfuko wa kanzu uliogeuzwa. Hakuumwa kitu kingine. Alikula, alilima, alicheka kwa upande mmoja. Lakini lile jicho halikufumba tena, hata akilala. Vumbi likaingia, moshi wa mavi ya ng'ombe tunayopikia ukaingia, na jicho likawa jekundu kama pilipili.

Nyie mnalijua hili kwa kusikia redioni. Kwetu, upande wa Sengerema, mwanamke mzee mwenye jicho jekundu hahitaji kufanya kosa lolote ili aitwe mchawi. Kosa linamtafuta. Kijiji cha jirani waliwahi kumtoa bibi mmoja nyumbani kwake kwa mapanga, na watu walipoulizwa walisema, "Si uliona macho yake?" Kwa hiyo ndama wa jirani yetu Mama Sayi walipoanza kufa, mmoja, halafu wa pili, mimi sikusubiri mtu anieleze.

Ishara ya kwanza ilikuwa moto. Kwetu tunaombana moto asubuhi. Si kwamba dukani hakuna kiberiti, kipo, ila kuomba moto ndiyo kujuliana hali: unakwenda kwa jirani na kigae chako, unachota kaa, unauliza mmelalaje. Mama Sayi alichota moto kwetu tangu sijaanza darasa la kwanza. Sasa akawa anapita mbele ya nyumba yetu na kigae chake mkononi, macho mbele, anakwenda kuomba mbali kule mlimani. Shangazi alikuwa anakaa mlangoni anamwangalia akipita. Akaanza kujifunika kanga hadi puani.

Ndiyo sababu tulisafiri, Joyce. Tulifuata jicho.

Kwetu hadi Kigongo

Mpango ulikuwa wa Masanja, mtoto wa shangazi, yule anayefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza. Ninyi mnamjua, mwenye shati la maua. Alituma ujumbe kwamba kila kitu tayari, tufike haraka. Mimi nikataka tuondoke siku ileile. Shangazi akasema hawezi kusafiri bila matobolwa, na matobolwa lazima yachemshwe, na yakishachemshwa lazima yapoe. Nikakaa juu ya mzigo nikisubiri viazi vipoe.

Tulipofika Busisi kivuko kilikuwa upande wa pili, Kigongo, na hakikuonyesha dalili ya kurudi. Watu walisema injini. Wengine walisema nahodha anakula. Malori ya pamba yalipangana hadi juu kwenye maduka. Nilikwenda kumuuliza mkata tiketi mara tatu, na mara ya tatu aliniambia, "Dada, ukitaka ogelea, utakikuta kinakuja."

Pale ndipo nilipoona jambo lenyewe kwa ukubwa wake. Upepo ulivuta kanga ya shangazi ikamtoka usoni. Mwanamke aliyekaa jirani yetu, mwenye kikapu cha nyanya, alikuwa anapiga naye stori vizuri tu, Kisukuma chao kinatiririka. Alipoliona jicho, alichukua kikapu chake taratibu, bila ugomvi, akahamia kwenye jua. Kwenye jua, Joyce, saa sita mchana, akaacha kivuli.

Shangazi akajifunika. Akanipa tobolwa. "Kula, Kabula. Kivuko hakiji kwa hasira zako."

Mwanza, kwa Masanja

Masanja alitupokea na soda na samaki wa kukaanga, akamtazama mama yake, akageuka ukutani kidogo. Halafu akaanza kuongea haraka, kama kawaida yake. Hospitali ya mjini tulikwenda, foleni tukaipanga, na daktari aliyetuona alikuwa mpole lakini amechoka. Alisema ni mshipa wa uso umelala, umekaa muda mrefu mno, hautaamka. Akatupa dawa ya matone. Alisema kuna upasuaji, lakini mtu wa kuufanya hakuwepo kipindi kile, tuulize tena baadaye.

"Baadaye lini?" nikauliza.

"Baadaye," akasema.

Masanja hakutaka kusikia baadaye. Bosi wake pale kiwandani alikuwa na rafiki ambaye mke wake alivutwa uso Nairobi, kliniki binafsi, akarudi hata mbwa wake hakumtambua. Masanja alilisema hilo kama sifa.

"Mama, wanakupasua hapa na hapa," akajionyesha mbele ya masikio yote mawili, mpaka nyuma ya shingo, "wanavuta ngozi yote, wanashona. Jicho linapanda, mdomo unapanda, mikunjo yote kwisha. Unarudi msichana!"

"Msichana wa nani?" shangazi akauliza.

"Wa kwetu, mama! Siku hizi dunia imefunguka. Ukiwa na kitu, unapata kitu. Nani atakusema tena ukiwa na uso kama wa Kabula?"

Shangazi aliniangalia usoni kwa muda, kama anayepima kitambaa dukani. Hakujibu. Masanja akachukulia kwamba amekubali, na mimi pia. Masanja hakuweza kuacha kazi, hivyo msindikizaji na msema Kiingereza nikawa mimi.

Njia ya Musoma, na basi lililokataa

Basi lilikuwa jipya, la tajiri mmoja, limeandikwa maneno ya Mungu mbele na nyuma. Lilikwenda vizuri hadi tukapita Bunda. Hapo likatoa moshi, likakohoa, likasimama. Utingo akashuka na spana, akalala chini yake, na tukabaki tunaona miguu yake tu. Kila nilipouliza, miguu ilijibu, "Bado kidogo."

Tuliposhuka kulikuwa na kibanda cha mama ntilie barabarani. Mwenyewe anaitwa Mama Nyangeta, Mjita, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alikuwa anapika ugali wa muhogo na sangara wa nazi, nazi sijui aliipata wapi. Shangazi alikaa pembeni kabisa, kanga hadi puani, akala kwa kuingiza tonge chini ya kanga.

Mama Nyangeta akamwendea moja kwa moja. "Shikamoo dada. Samaki wangu ananuka mpaka unajiziba?"

"Marahaba. Ananukia vizuri."

"Basi fungua, upumue."

"Nina jicho baya," shangazi akasema. Nilisikia sauti yake imekuwa ndogo.

Mama Nyangeta hakungoja. Alishika pindo la kanga kama mtu anayefunua sufuria, akatazama. Mimi nikajiandaa kwa ugomvi. Yeye akasema, "Aaa. Kope." Akainama, akafumba macho yake mwenyewe, akaonyesha kovu jembamba kama uzi juu ya kope. "Mimi zangu ziligeuka ndani, nywele zikawa zinakwangua mboni. Yako imegeuka nje. Ni mtu na dada yake. Walinishona hapo misheni, ukishuka huku ziwani. Asubuhi nimeingia, jioni nimetoka nikaja kupika."

"Sisi tunakwenda Nairobi," nikasema. "Kwa daktari bingwa."

"Nairobi!" Mama Nyangeta akacheka hadi akashika meza. "Kope hii nayo inataka pasi ya kusafiria?"

Abiria wakacheka. Mimi nikachukia, nikaenda kuzungumza na ile miguu chini ya basi. Lakini nilipogeuka niliwaona wale wanawake wawili wamekaa benchi moja, shangazi kanga iko mabegani, uso wote nje, wanagombania kichwa cha sangara. Ndiyo mara ya kwanza baada ya miezi kumwona akila uso wazi mbele ya watu.

Sirari nitairuka. Mlishaniuliza kuhusu mpaka, na jibu ni kwamba ofisa alinyoosha kidole kwenye mfuko wa matobolwa, akataka kujua ni dawa gani ya kienyeji hii. Shangazi akampa moja aonje. Akaonja. Akaomba nyingine, akaturuhusu.

Nairobi, penye zulia

Kliniki ilikuwa ghorofani na ilikuwa na zulia. Shangazi alivua viatu mlangoni. Msichana wa mapokezi, mwenye kucha nyekundu, akamwambia, "Mum, hapa huvui," na shangazi akajibu, "Najua, mwanangu, wewe huvui," akaingia peku, viatu mkononi.

Tukasubiri. Walituletea chai kwenye vikombe vidogo sana, na biskuti mbili. Shangazi akaninong'oneza, hivi hawa wamefiwa, mbona chakula ni kidogo na watu wananong'ona? Juu ya meza kulikuwa na albamu kubwa ya picha. Akaifungua. Kila ukurasa ulikuwa na picha mbili za wanawake, ya kushoto mzee, ya kulia kijana. Shangazi akafurahi kweli, kwa sababu anapenda picha za familia.

"Ona huyu na binti yake," akasema. "Wamefanana pua. Na huyu, loo, binti amemchukua mama yake kabisa. Huku Nailobi watu wanakuja na watoto wao kupiga picha?"

"Shangazi," nikasema, "ni mtu mmoja."

"Yupi?"

"Wote. Huyu na huyu ni mtu mmoja. Kushoto kabla ya kupasuliwa, kulia baada."

Alirudisha macho kwenye albamu. Akaweka kidole kwenye picha ya kushoto, akakihamisha kwenye ya kulia, akakirudisha. Halafu akaifunga albamu polepole, akaisukuma mbali naye hadi mwisho wa meza.

"Kabula," akasema, kwa Kisukuma sasa, ili wale wa mapokezi wasisikie. "Nikirudi nyumbani na uso huo, Mama Sayi atasema nini?"

Hapo nilimwona Mama Sayi waziwazi, kana kwamba yuko mbele yangu. Jicho jekundu ni shaka tu. Lakini mwanamke mzee anaondoka kijijini na ndama wanakufa nyuma yake, halafu anarudi na uso wa msichana?

"Atasema nimekula mtu," shangazi akasema. "Watahesabu mabinti wa kijiji mmoja mmoja, waone nani amekonda. Wataanza na wewe."

Masanja hakuliona hilo. Bosi wake hakuliona. Mimi niliyekulia mlango wa pili na Mama Sayi nilisafiri njia yote ile bila kuliona. Ni mtu wa mjini tu anayefikiri uzee ndiyo unaotisha.

Daktari alituita. Nitasema ukweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mkenya mrefu mwenye miwani, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza, na alimshika shangazi uso kwa vidole safi, taratibu. Akatueleza kwamba kuna njia mbili. Njia kubwa ni ile aliyosimulia Masanja: pande zote mbili, kuanzia juu ya sikio kuzunguka nyuma, ngozi na nyama ya ndani kuinuliwa pamoja, na shingo. Unalazwa usingizi wa dawa kwa saa nyingi. Unakaa mjini wiki kadhaa, uso umevimba, unarudi kuangaliwa mara kwa mara. Na kwa mwenye presha, kama alivyokutwa nayo shangazi alipopimwa, ile dawa ya usingizi yenyewe ni hatari. Njia ndogo ni upande ulioanguka tu: kope ya chini inakazwa pembeni, shavu linavutwa kidogo kwa kupasua mahali padogo mbele ya sikio. Sindano ya ganzi inatosha. Mikunjo inabaki, na mdomo utabaki umeshuka kidogo.

"Njia kubwa ni nzuri zaidi," akasema. "Uso wote unakuwa sawa. Ndiyo aliyoomba mwanao."

Nikatafsiri, ingawa nusu alishaelewa.

"Muulize," shangazi akasema, "katika hizo, ipi inafumba jicho?"

Daktari akavua miwani. "Zote mbili. Kwa jicho peke yake, ile ndogo inatosha."

"Basi mdomo auache. Mdomo wangu haujamfukuza mtu kivulini."

Daktari hakuelewa habari ya kivuli na mimi sikumweleza. Shangazi akaniambia nimuulize pia kuhusu wale wa misheni ziwani, waliomshona Mama Nyangeta. Niliona aibu. Nikadhani atachukia, mtu wa zulia lile. Lakini alicheka, akasema kule wanashona kope wiki nzima, yeye kope anazishona mara mojamoja. "Kwa hii ndogo," akasema, "kama ni mama yangu, ningempeleka penye mkono uliozoea, na karibu na nyumbani, akasafishwe kidonda bila safari." Akamwinamia shangazi. "Lakini usikawie, mama. Jicho lisilofumba hukauka. Mboni ikipata kidonda, hata mimi sitaweza kulirudisha."

Tulishuka ngazi. Shangazi akavaa viatu vyake barabarani. Niliogopa Masanja atasema nini, nikaanza kupanga maneno, na shangazi akasema, "Mbona huna haraka leo?"

Kurudi ziwani

Mama Nyangeta alitupokea kama ndugu waliokuwa wamepotea. Alitupeleka misheni mwenyewe, akaacha sufuria kwa mwenzake, na njia nzima alikuwa anawaambia watu, "Hawa wametoka Nairobi, wamekuja kwetu kutibiwa!"

Hapakuwa na zulia. Palikuwa na wodi moja ndefu, vitanda vimejaa, wengine wawili wawili, madirisha yanaangalia ziwa. Wagonjwa waliongea kwa sauti, waliitana, mmoja alikuwa anasuka mwenzake nywele. Chakula unapika mwenyewe. Nyuma kuna banda la jiko ambapo ndugu wa wagonjwa wanapika, Wajita, Wajaluo, Wakurya, kila mtu na mafiga yake matatu.

Daktari wa macho alikuwa kijana tu, amenizidi kidogo tu, na hilo lilinitia wasiwasi. Alimtazama shangazi, akavuta kope kwa kidole gumba, akaiachia, akaona inavyorudi polepole. "Nitaikaza hapa pembeni," akasema, "na shavu nitalivuta kidogo, maana nikikaza kope bila kuinua shavu, shavu litaiburuta tena chini. Mikono yako inatetemeka, mama?"

"Inatetemeka ya huyu," shangazi akasema, akanionyesha mimi.

Aliniruhusu niingie kumshika mkono. Presha walishaipima na kumpa dawa, na walipomdunga ganzi alikunja vidole vyangu mpaka vikalia. Baada ya hapo ikawa kama hakuna kinachotokea. Alikuwa macho kabisa. Akaanza kumsimulia daktari habari za pamba, jinsi siku hizi wanunuzi binafsi wanavyokuja na mizani yao wenyewe.

"Mama," daktari akasema, "ukiongea shavu linacheza. Nitakushona pua."

Akaiacha pamba, akaanza kuimba mdomo ukiwa umefungwa, ule wimbo wa kulimia, na daktari akawa anashona. Mimi niliona uzi ukiingia mbele ya sikio na ukuta ukaanza kuinama. Nesi akanikalisha chini kwenye sakafu, kichwa katikati ya magoti. Kwa hiyo sehemu nzuri zaidi ya safari sikuiona. Nilisikia tu wimbo, na daktari mwishoni akisema, "Fumba."

"Umefumba, mama. Sasa fumbua. Fumba tena."

Nikainua kichwa. Uso ulikuwa umevimba, una damu kidogo, una nyuzi nyeusi, una mikunjo yake yote. Na macho mawili yalikuwa yamefumba, pamoja. Nililia palepale sakafuni, Joyce, na nesi akadhani nimezidiwa akaniletea maji.

Tulikaa pale hadi nyuzi zikatolewa. Daktari alitoa amri moja: moshi marufuku. Akamtazama shangazi, halafu mimi. "Akirudi kwenye moshi wa mavi ya ng'ombe, jicho litakuwa jekundu tena, hata kama linafumba. Nani anapika nyumbani?"

"Yeye," nikasema.

"Alikuwa," akasema daktari.

Jikoni wale wanawake walinifundisha kwa matusi. Moto wangu wa kwanza ulifukiza banda zima. Mjaluo mmoja akanipokonya upepeo, akaniuliza kama shuleni tulisomea kufukuza nyuki. Mama Nyangeta akanionyesha: kuni kavu zilizopasuliwa nyembamba, zipangwe zipitishe hewa, zianze kwa manyasi kidogo, usizirundike kwa pupa. "Moto haupendi mtu wa haraka," akasema. Nadhani shangazi alimtuma aseme hivyo.

Mwanza tena

Masanja alikuwa stendi na shati la maua. Alimzunguka mama yake mbele na nyuma.

"Ndiyo hiyo tu?" akasema. "Mikunjo iko palepale! Mdomo uko palepale! Nimewatuma Nairobi!"

"Na Nairobi tulifika," shangazi akasema.

"Sasa kimebadilika nini?"

Shangazi akamsogelea, pale katikati ya wapiga debe na mikokoteni, akafumba macho yote mawili. Akakaa hivyo. Masanja akaelewa. Maana yeye ndiye aliyelala chumba kimoja na mama yake wakati wa msiba wa mjomba kabla ya safari, na aliona lile jicho linavyobaki wazi mtu akiwa usingizini. Akachukua mzigo, akatangulia mbele ili tusimwone. Jioni alikula mapanki, yale mabaki ya sangara ya kiwandani kwao, na ugali akacheka kwa sauti. Na nilipomweleza habari ya albamu na Mama Sayi, aliacha kutafuna.

"Sikuliwaza hilo," akasema.

"Ungewaza wapi," mama yake akamjibu, "na wewe unalala kwenye umeme."

Nyumbani

Kivuko safari hii kilikuwepo kinatungoja, na nilikuwa wa kwanza kukipanda. Shangazi alisimama mbele, kanga kiunoni, upepo wote usoni.

Tumefika leo mchana. Habari zikatangulia, sijui kwa njia gani, na jua lilipopoa majirani wakaanza kuja kusalimia. Wengine walibaki mbali kidogo, walikuwa wamesikia kwamba Mbuke amekwenda kubadilishwa. Nilimwona mzee mmoja anamtafuta kwa macho, kama anategemea kuona mtu mwingine. Akamwona mwenyewe, na mashavu yake, na mikunjo ya paji la uso aliyoizoea. Akavuta pumzi. "Aaa, ni Mbuke," akasema. "Ni Mbuke tu." Akakaa chini.

Mama Sayi alikuja wa mwisho. Alisimama mlangoni, hakuingia. Mimi nikataka kuanza kueleza, mshipa, kope, ganzi, Nairobi, lakini shangazi alinikanyaga mguu. Akamtazama Mama Sayi bila kujifunika. Akafumba macho, akafumbua. Lile la kushoto lina wekundu kidogo bado, kwenye kona, kama la mtu aliyekata vitunguu.

"Umezeeka, Mbuke," Mama Sayi akasema.

"Nimezeeka, mwenzangu. Wewe je?"

"Mimi hata zaidi." Akasugua mguu mmoja kwa mwingine. "Ndama wa tatu alipona. Bwana mifugo alikuja, alisema ni kupe."

"Nashukuru Mungu."

Mama Sayi aliaga, akageuka, akapiga hatua chache. Halafu akasema bila kugeuza kichwa, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Kesho mtakuwa na moto?"

"Tutakosaje?" shangazi akasema.

Sasa jua linazama na shangazi amelala mapema, macho yote mawili yamefumba, nimekwenda kuhakikisha mara mbili. Sijui kama Mama Sayi atakuja kweli au atapita na kigae chake kwenda mlimani. Lakini kuni nimeshazipasua, nyembamba, nimeziegemeza ukutani zisilowe umande. Mafiga nimeyahamishia nje, kwenye hewa, mbele kabisa ya njia yake. Kesho alfajiri nitaamka kabla ya shangazi, niwashe moto bila pupa, usiotoa moshi, niuache uwe makaa mekundu, na nikae hapo hadi apite.